Mwana Amtafutaye Baba: Visa vya Kiyunani Katika Vitabu vya Vijana

Utenzi wa Homer uitwao Odyssey una jina la baba, lakini haufunguki kwa baba. Unafunguka kwa kijana. Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, aliondoka mwanawe Telemachus akiwa mchanga. Amepigana miaka 10 mbele ya ngome ya Troy, na miaka mingine 10 inakaribia kwisha akiwa amepotelea baharini. Nyumbani mwake wamejaa waposaji wa mkewe, 108 kwa hesabu ya utenzi wenyewe, wakichinja mifugo yake na kunywa mvinyo wake. Telemachus ameketi kati yao. Hana nguvu za kuwafukuza wala umri wa kuheshimiwa. Hapo huingia mgeni, naye ni Athena, mungu wa kike wa hekima, aliyejigeuza mwanamume. Mgeni anamwuliza kijana kama kweli yeye ni mwana wa Odysseus. Kijana anajibu kwamba mama yake husema hivyo. Ama yeye mwenyewe hajui, kwani hapana mtu ajuaye kwa ujuzi wake ni nani aliyemzaa.

Jibu hilo lina umri wa karne 27 hivi, na watu wa visiwani hawahitaji kufasiriwa. Katika pwani ambayo vyombo viliondoka na msimu vizazi kwa vizazi, na si vyote vilivyorudi, wamekuwako siku zote watoto waliomjua baba kwa kusimuliwa tu.

Swali la Telemachus ndilo mzizi wa tawi zima la fasihi. Riwaya za vijana zinazoazima miungu na mashujaa wa Kiyunani, ambazo tangu mwaka 2005 zimejaa katika maduka ya vitabu ya Marekani na Ulaya, hudhaniwa na wengi kuwa kitu kipya. Kwa hakika zina ukoo mrefu. Katika kila kizazi cha ukoo huo, wazee walikabiliwa na jambo lile lile: visa hivi huwavutia mno vijana, na humo ndani wamo mababa wanaowatupa watoto wao, wanaowameza, wanaowasahau. Je, kijana asimuliwe au afichwe? Kila zama zilijibu kwa namna yake.

Aliyejibu kwa ukali ni Plato, mwanafalsafa wa Athens, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha Jamhuri, anapozungumzia malezi ya vijana watakaoulinda mji, anaanza na hadithi ambazo mama na mayaya huwasimulia watoto. Nyingi katika hizo, asema, zafaa kutupwa. La kwanza analolitaja ni kisa cha malenga Hesiod: jinsi Uranus alivyowatenda wanawe, jinsi mwanawe Kronos alivyolipiza kisasi, na jinsi Kronos naye alivyotendwa na mwana wake. Huyu Kronos ndiye aliyewameza watoto wake mmoja mmoja kwa kuhofu kupinduliwa, mpaka mama yao alipomficha Zeus na kumpa mumewe jiwe lililofungwa nepi. Plato anataja pia kisa cha Hephaestus, aliyerushwa na baba yake kutoka mbinguni kwa kosa la kumtetea mama yake asipigwe. Hata ikiwa visa hivi vina maana ya ndani, kijana hawezi kupambanua fumbo na lisilo fumbo, na analolipokea katika umri ule halifutiki.

Hoja hiyo haikutoka kwa mtu asiyejua ladha ya ushairi. Plato mwenyewe anakiri kwamba tangu utotoni alimpenda na kumstahi Homer. Alichokihofia ni nguvu ya shairi. Visa vile havikuwa vikisomwa kimyakimya na mtu peke yake. Vilighanwa mbele ya watu kwa mizani ya kupima na sauti ya kuvuta, na neno likishaingia moyoni kwa mdundo, kulitoa ni kazi. Hivyo jibu la kwanza likawa: asisimuliwe.

Jibu la pili lilikuja karibu karne tano baadaye, kwa mkono wa Plutarch, aliyekuwa pia kuhani katika hekalu la Delphi. Aliandika risala juu ya namna kijana apasavyo kusikiliza mashairi, na ndani yake akautumia utenzi wa Homer kuutetea utenzi wa Homer. Odysseus alipopita karibu na wale viumbe ambao nyimbo zao huwapoteza mabaharia, aliwaziba wenzake masikio kwa nta, lakini yeye mwenyewe akafungwa mlingotini, masikio wazi. Plutarch anauliza: je, nasi tuwazibe vijana masikio kwa nta, au tuwafunge katika mlingoti wa akili, wasikie na wasipotee? Ulevi, asema pia, hauponywi kwa kung'oa mizabibu. Mvinyo huchanganywa na maji. Katika karne ya 4 baada ya Kristo, Basil, askofu wa Caesarea, aliwashauri vijana wa Kikristo kwa roho hiyo hiyo, akiwapigia mfano wa nyuki asiyetua juu ya kila ua, wala asiyebeba ua zima.

Baghdad ya Banu Abbas ilishika njia ya tatu. Katika karne ya 9 wafasiri, akiwamo Hunayn ibn Ishaq, waliingiza katika Kiarabu elimu kubwa ya Wayunani: utabibu wa Galen, falsafa ya Aristotle, hesabu, na elimu ya nyota. Tenzi za Homer wakaziacha. Imani ya Mungu mmoja ilikuwa sababu, lakini haikuwa peke yake. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne hiyo, alishikilia kwamba shairi halifasiriki: likihamishwa lugha, mizani huvunjika, uzuri huondoka, na kinachobaki ni maneno ya kawaida. Kauli hiyo yafaa kukumbukwa, maana ndiyo itakayosuta kila kitabu cha vijana kitakachotajwa hapa chini. Vyote vimeandikwa kwa nathari. Kabla ya miungu kupunguzwa na mababa kusafishwa, kilichotangulia kuvuliwa ni shairi.

Mtu anayestahili kuitwa baba wa riwaya hizi za vijana ni kasisi wa Kifaransa, François Fénelon. Mwaka 1689 aliteuliwa kuwa mwalimu wa mjukuu wa mfalme Louis wa 14, mtoto wa miaka 7 aliyetazamiwa kutawala siku moja. Kwa ajili ya mwanafunzi huyo mmoja, Fénelon alitunga kisa cha Telemachus akisafiri nchi na bahari kumtafuta babaye, akifuatana na mzee Mentor, ambaye kwa siri ni mungu wa hekima aliyejigeuza. Kitabu kilipochapwa mwaka 1699, jina lake lilikitangaza kuwa ni mwendelezo wa fungu la nne la Odyssey, yaani pale pale Homer anapomwacha kijana na kumwendea baba.

Fénelon aliona pengo na akaingia. Homer hasemi mengi juu ya yale ambayo Telemachus alijifunza njiani. Kasisi alilijaza pengo hilo kwa mafunzo ya utawala. Mfalme wa kweli huishi kwa ajili ya raia. Vita vya kutafuta sifa ni wizi. Anasa za ikulu hulipwa kwa njaa ya mkulima. Katika mji wa Salente kijana anamkuta mfalme Idomeneus, aliyewahi kumwua mwanawe mwenyewe kwa ajili ya nadhiri ya haraka, na ambaye sasa amejenga majumba ya fahari huku mashamba yakiwa hayana watu. Mentor anamfundisha mfalme huyo mtu mzima mbele ya macho ya kijana.

Wasomaji wa Ufaransa hawakuhitaji kuambiwa Idomeneus ni nani. Louis wa 14 alikuwa amepigana vita baada ya vita, amejenga Versailles, na nchi yake imechoka. Fénelon hakukusudia kitabu kitoke; kilifika kwa mpiga chapa bila ya idhini yake. Alikuwa tayari amekwisha kuondolewa ikulu mwaka 1697 kwa mgogoro wa dini na kuamriwa akae katika jimbo lake la Cambrai. Kitabu kilipotoka, mlango wa kurudi ukafungwa moja kwa moja. Mwanafunzi wake alifariki mwaka 1712 kabla ya kupanda kiti. Mfalme mzee aliwazika mwanawe na mjukuu, akaendelea kutawala hadi mwaka 1715. Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya mtoto mmoja hakikumfaa mtoto huyo, lakini katika karne iliyofuata kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa zaidi Ulaya nzima.

Ndicho pia kilichofungua mlango uliofungwa Baghdad. Rifa'a al-Tahtawi, mwanachuoni wa Misri aliyesoma Paris kati ya mwaka 1826 na 1831, alikuwa ameongoza chuo cha lugha cha Cairo na kulea kizazi cha wafasiri. Utawala ulipobadilika, aliondolewa mwaka 1850 na kupelekwa Khartoum, eti akasimamie skuli ya watoto. Kila mtu alifahamu kuwa ni uhamisho wa kuadhibiwa. Huko, katika joto na upweke, alikifasiri kitabu cha Fénelon kwa Kiarabu, kwa ile nathari ya vina iitwayo saj'. Kilichapwa Beirut mwaka 1867. Kitabu kilichomponza mtungaji wake kwa mfalme kilipata lugha mpya kwa mkono wa mtu mwingine aliyeponzwa, na mafunzo yake juu ya mtawala dhalimu yakapita katika vazi la kisa cha kijana na babaye. Kwa hiyo katika Kiarabu Telemachus aliingia kabla ya Homer. Utenzi wenyewe ulisubiri hadi mwaka 1904, ambapo Sulayman al-Bustani, Mlebanoni, alichapisha mjini Cairo tafsiri ya Iliad kwa ushairi, beti 11,000 hivi. Kwa kuwa kina kimoja kisingeweza kubeba mzigo huo, alibadilisha bahari na vina kila kisa kilipobadilika. Hilo lilikuwa jibu kwa al-Jahiz, baada ya miaka elfu.

Wakati huo, kwa upande wa Kiingereza, visa vya Kiyunani vilikuwa vimekwisha kushuka kutoka kwa wana wa wafalme hadi kwa watoto wa watu wa kawaida. Mwaka 1808 Charles Lamb alitoa kitabu cha safari za Ulysses, ambalo ni jina la Kirumi la Odysseus. Mchapishaji wake, William Godwin, aliposoma mahali ambapo jitu la jicho moja linawala mabaharia, alimwomba alainishe, akihofia wazazi wasinunue. Lamb alikubali kupunguza machache na kuyakatalia mengine. Jitu likibaki bila ya kutisha, haikuwapo maana ya kulitoroka.

Nathaniel Hawthorne wa Marekani alikwenda mbali zaidi. Katika vitabu vyake viwili, cha kwanza kikiwa cha mwaka 1851 na cha pili cha mwaka 1853, alijipa uhuru wa kuvishona visa upya kwa ajili ya watoto. Aliona kwamba uchafu uliomo ndani yake ni kama mmea uliojishika tu juu ya mti, ukiondolewa mti hubaki. Pandora na mwenzake wakageuzwa kuwa watoto wawili wanaocheza katika ulimwengu usio na baba wala mama. Kisha likatokea jambo la kustaajabisha. Katika kisa cha zamani cha mfalme Midas, ambaye kila alichokigusa kilikuwa dhahabu, hamna mtoto. Hawthorne alimwongezea binti mdogo, akamfanya baba ainame ambusu, na mtoto akawa sanamu ya dhahabu mikononi mwake. Yule yule aliyeazimia kuvisafisha visa ndiye aliyeongeza baba amdhuruye mtoto. Na nyongeza hiyo imeshika hivi kwamba watu wengi leo wanadhani ni ya Wayunani.

Charles Kingsley, kasisi wa Uingereza, alihisi kwamba visa hivi vyastahili heshima zaidi ya hiyo. Kitabu chake cha mashujaa cha mwaka 1856, alichowatungia wanawe watatu, kina visa vya watu watatu: Perseus, Jason na Theseus. Katika dibaji alihakikisha kwamba dini imetajwa kwanza: Wayunani, asema, walimjua Mungu mmoja hapo mwanzo, kisha wakasahau na kuangukia masanamu. Akishatoa udhuru huo, anasimulia kwa moyo mkunjufu. Na mashujaa aliowachagua, wote watatu, ni watoto waliolelewa mbali na baba. Perseus anawekwa na mama yake ndani ya kasha na kutoswa baharini, hadi mvuvi mwema anapowaopoa. Jason anakabidhiwa kwa mlezi Cheiron pangoni, maana ufalme wa babaye umenyakuliwa. Theseus anapelekwa na mama yake mpaka kwenye jiwe kubwa. Siku atakapoliinua, atakuta upanga na viatu vya babaye, na ndipo atakapojua pa kwenda.

Kitabu hiki cha Kingsley ndicho kilichowafikia Waswahili. Wamisheni walikifasiri kwa jina la Mashujaa: Hadithi za Kiyunani, kikawa miongoni mwa tafsiri za mwanzo za fasihi ya Ulaya katika lugha hii. Wasomaji wake hawakukuta kila kitu kigeni. Mtoto aliyewekwa ndani ya chombo na kukabidhiwa maji alikuwa anajulikana tayari kwa kisa cha Nabii Musa, na shujaa anayepewa kazi zisizowezekana na mfalme mwenye hila alikuwa anajulikana kwa hadithi za bibi. Kilichokosekana ni kile alichokilalamikia al-Jahiz. Watu waliozoea kusikia vita na safari katika tenzi, kwa mizani na kina cha bahari, walipewa tenzi za Wayunani zikiwa zimeshafanywa nathari mara mbili: kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili.

Karne ya 20 ilipozidi kukua, wazee walichoka kuficha. Mwaka 1970 Leon Garfield na Edward Blishen walitoa nchini Uingereza kitabu kilichosimulia visasili hivi bila ya kulainisha. Kilianza na mtoto mchanga Hephaestus akiwa ametupwa kutoka mbinguni, anaanguka kama nyota hadi baharini. Hephaestus, ambaye Plato alimtaja kwa jina katika visa visivyofaa kusikiwa na vijana, ndiye aliyefungua kitabu. Na kitabu hicho kilitunukiwa nishani ya Carnegie, ambayo ni heshima kubwa kabisa ya vitabu vya watoto nchini humo.

Ndipo akaja Rick Riordan. Alizaliwa San Antonio, Texas, mwaka 1964, akafundisha Kiingereza na historia katika skuli za kati kwa miaka mingi. Mwanawe alikuwa na taabu ya kusoma na ya kutulia, na kitu kimoja tu kilichompendeza skuli kilikuwa visa vya Kiyunani. Baba alimsimulia kila usiku kabla ya kulala. Visa vya zamani vilipokwisha, mtoto aliomba vingine, na baba akabuni kimoja: cha mvulana wa zama hizi, mwenye taabu zile zile, ambaye anagundua kwamba baba yake asiyemjua ni Poseidon, mungu wa bahari. Kitabu cha kwanza cha Percy Jackson kilitoka mwaka 2005, cha tano mwaka 2009. Vimeuzwa kwa mamilioni na kutiwa katika filamu mwaka 2010 na tamthilia ya televisheni mwaka 2023. Hivyo ukoo huu umerudi ulikoanzia. Fénelon alimtungia mtoto mmoja, Kingsley watatu. Riordan naye alimtungia mmoja, ubavuni mwa kitanda.

Uzito wa vitabu hivyo umefichwa nyuma ya mzaha. Mlima wa miungu umehamishiwa juu ya jumba refu la New York. Njia ya kuzimu iko Los Angeles. Herufi humchezea Percy machoni kwa kuwa akili yake imeumbwa kusoma Kiyunani cha kale, na kutotulia kwake ni wepesi wa mpiganaji. Jina lake kamili ni Perseus. Mama yake alimpa kwa kuwa shujaa huyo, tofauti na wengi, mwisho wake ulikuwa mwema. Kuhusu dini, Riordan ana udhuru wake kama Kingsley: mlezi Chiron anamwambia kijana kwamba Mungu Muumba ni suala jingine kabisa, lisilohusiana na hao miungu wadogo. Lakini moyo wa kisa umo katika kambi ambako Percy anapelekwa. Ni kambi ya machotara, watoto wa miungu na wanadamu. Kila mungu mkubwa ana banda lake, na mtoto huhamia humo siku mzazi wake anapomtambua kwa ishara. Wasiotambuliwa hulundikwa katika banda la Hermes, mlinzi wa wasafiri, walale chini wakingoja. Wengine hungoja mpaka wakakua.

Katika banda hilo ndimo uasi unamozaliwa. Luke, mwana wa Hermes, kijana hodari aliyevunjwa moyo na baba asiyemjali, anageuka na kumtumikia adui wa miungu. Adui huyo ni nani? Ni Kronos, yule mmezaji wa watoto. Kisa ambacho Plato alikitaja cha kwanza kuwa hakifai kwa vijana kimekuwa, baada ya miaka 2,400, uti wa mgongo wa kitabu cha vijana kilichosomwa kuliko vyote vya namna yake. Wala Riordan hakukitia humo kwa kutaka kutisha. Luke anamwendea baba mbaya kuliko wote kwa sababu baba yake mwenyewe hakumtazama. Mtoto aliyeachwa huokotwa na wa kwanza anayemwita mwanangu.

Mwishoni mwa kitabu cha tano, vita vimekwisha na miungu inamtunuku Percy kutokufa. Anakataa. Anataka jambo moja badala yake: waape kwa mto wa kuzimu, kiapo kisichovunjika, kwamba watawatambua watoto wao wote kabla hawajapita umri wa miaka 13. Telemachus alisema hajui. Kijana wa Fénelon alikwenda kutafuta, akafundishwa utii na uadilifu. Vijana wa Kingsley waliinua jiwe ili wathibitishe kwamba wanastahili. Huyu wa mwaka 2009 anawasimamisha wazazi na kuwadai.

Yapo mengi ya kulaumu katika vitabu hivi. Lugha yake ni ya haraka, mzaha mara nyingine huja pale ambapo kimya kingefaa, na msomaji wa Homer ataikosa ile subira ya utenzi unaosimama katikati ya vita kueleza kovu au ngao. Ushairi, uliokuwa nyumba nzima, umebakiwa na kona mbili. Kona ya kwanza ni bishara: mwaguzi wa Delphi katika vitabu vya Riordan bado hunena kwa vina. Ya pili ni kichekesho: Apollo, mungu wa ushairi, hutunga vijishairi vibaya vya mistari mitatu, na katika vitabu vya baadaye, vya mwaka 2016 hadi 2020, anaposhushwa duniani kuwa kijana wa kibinadamu, kila sura hubeba kimoja kama anwani. Plutarch, kuhani wa Delphi, aliwahi kuandika risala nzima kuuliza kwa nini mwaguzi wa zama zake ameacha kunena kwa shairi. Swali lake halijazeeka. Wapenda ushairi wa visiwani, ambako utenzi bado unaghanwa na kusikilizwa, wana haki ya kuliuliza tena.

Hata hivyo Homer mwenyewe alijua kwamba swali la mtoto halingoji bahari kutulia. Katika fungu la 16 la Odyssey, ndani ya kibanda cha mchungaji wa nguruwe, mgeni aliyekuwa mzee mwenye matambara, akiisha kurudishiwa umbo lake na Athena, anamwambia Telemachus kwamba yeye ndiye baba yake. Kijana hasadiki, ameshangoja mno. Odysseus hana upanga wala viatu chini ya jiwe vya kumwonyesha, anaweza kumwambia tu kwamba hatakuja Odysseus mwingine. Hapo wanakumbatiana, na kilio chao malenga anakifananisha na cha ndege wakubwa walioibiwa makinda kabla hayajaota mbawa. Mfano huo ni wa ajabu, kwani wanaolia ndio kwanza wamepata. Wanalilia miaka 20 ambayo hapana kiapo kitakachoirudisha.